Harry Thuku na Wachuma Kahawa

Nilipopewa kazi ya kuandika maisha ya mtu maarufu wa zamani, wenzangu wengi walidhani nitamchukua Dedan Kimathi au Mekatilili wa Menza, kwa sababu hao habari zao hazimchoshi mtu. Mimi nimemchagua Harry Thuku. Sababu ni kwamba kwetu ni kahawa. Ukitoka nje ya lango la shule yetu, upande wa kushoto ni mibuni, upande wa kulia ni mibuni, ingawa siku hizi mingine inang'olewa ili yajengwe maploti.

Katika vitabu vyetu vya historia Thuku ametengewa nafasi ndogo sana. Tunaambiwa alianzisha chama, akakamatwa, watu wakapigwa risasi Nairobi. Mtihani ukija tunaandika hayo, tunapata alama zetu, basi. Lakini je, alikamatwa kwa kusema nini hasa? Hapo ndipo penye utamu wa habari hii, au tuseme uchungu wake. Alikuwa akiwasemea watu waliofanya kazi katika mashamba ya wazungu, wenye kipande shingoni na mshahara uliopunguzwa, na zaidi ya wote wanawake na wasichana waliosukumwa kwenda kuchuma kahawa. Hayo nitayaeleza kwa kirefu. Mengine nitayapita mbio kama matatu ya jioni.

Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, Kiambu. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Wamisionari wa Gospel Missionary Society kutoka Marekani walikuwa wamefungua kituo hapo Kambui, na kijana akasoma kwao kwa muda wa miaka minne hivi. Mwaka 1911 aliingia Nairobi kutafuta kazi, naye alikuwa kijana wa miaka 16. Nairobi ya wakati ule ilikuwa mji wa mabati na tope, lakini ilikuwa na vishawishi vyake. Mwaka huo huo alishtakiwa kwa kughushi hundi, akafungwa miaka miwili. Watu wengine wakiandika habari za mashujaa huruka hapo kama mtu anayeruka mtaro. Mimi siruki. Alifungwa, akatoka, akaanza upya.

Baada ya kutoka jela alipata kazi katika kiwanda cha kuchapia gazeti la Leader, gazeti la walowezi wa kizungu. Kazi yake ilikuwa ya mitambo na kupanga herufi. Hebu fikiria jambo hilo. Kijana Mwafrika anayejua kusoma Kiingereza, anapanga kwa mikono yake maneno ya masetla wakilalamika kwamba Waafrika ni wavivu, hawataki kazi, serikali iwalazimishe. Mimi naona hiyo ilikuwa shule yake ya pili, na pengine ilimfundisha zaidi ya ile ya Kambui. Baadaye aliajiriwa na serikali, katika Hazina, akawa mwendeshaji wa simu. Kwa Mwafrika wa siku hizo hiyo ilikuwa kazi nzuri ajabu. Alivaa suti, na mshahara wake ulikuwa wa kujivunia. Angeweza kunyamaza akala zake.

Sasa natulia kidogo nieleze hali ilivyokuwa, maana bila hayo mtu hawezi kuelewa kilichomfanya aache kula zake.

Vita Vikuu vya Kwanza viliisha mwaka 1918. Maelfu ya Waafrika walikuwa wamechukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Jina la Kariokor pale Nairobi ni ukumbusho wao. Mara ikaja njaa, ikaja na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Watu walikuwa wamechoka hoi. Na wakati huo huo, mwaka 1919, serikali ya Uingereza ikaleta wanajeshi wake wastaafu ikawapa mashamba huku kwetu. Mashamba mapya yanataka mikono. Ardhi wamekwisha kuipata, mikono itoke wapi?

Ilitoka kwa njia kadhaa. Ya kwanza ilikuwa kodi. Kila kibanda kililipiwa kodi, na fedha hazikupatikana ila kwa kwenda kufanya kazi kwa mzungu. Kufikia mwaka 1921 kodi ilikuwa imepanda hadi shilingi 16. Nyingine ilikuwa sheria ya mwaka 1918 kuhusu wale waliokaa katika mashamba ya walowezi, waitwao maskwota, ambayo iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Nusu ya mwaka, jamani, ili uruhusiwe kulima kipande cha ardhi ambayo pengine ilikuwa ya babu yako.

Halafu kulikuwa na kipande chenyewe. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alichukuliwa alama za vidole akapewa karatasi iliyoandikwa jina lake, kabila lake, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kikasha cha bati akakivaa shingoni kwa kamba. Mimi nina miaka 16. Mwaka 1920 ningekuwa nacho. Kama ningetaka kuondoka kwa mwajiri mbaya, ni lazima yeye mwenyewe aweke sahihi kwamba ameniachilia. Asipoweka, mimi ni mtoro, polisi watanitafuta, na kutoroka kazini kulikuwa kosa la jinai. Isitoshe, mshahara wa zamani umeandikwa humo, kwa hiyo mwajiri mpya anautazama anakupa uo huo. Masetla hawakuvaa kipande. Wahindi hawakuvaa. Wazee wetu walisema wamefungwa kengele kama mbuzi, na nadhani hawakukosea.

Tena tarehe 23 Oktoba 1919 ikatoka barua ya serikali ambayo wanahistoria wanaiita barua ya Northey, kwa jina la Gavana Edward Northey. Barua hiyo iliwaagiza maofisa wa wilaya wawasukume vijana watoke waende kazini mashambani. Machifu waliotakiwa kuleta watu wangeandikwa majina, nani anasaidia na nani hasaidii, na taarifa ipelekwe kwa gavana. Na palipokuwa na mashamba ya walowezi karibu na makao ya Waafrika, wanawake na watoto nao wahimizwe kwenda kufanya vibarua. Neno lililotumika ni kuhimiza. Lakini chifu akijua kwamba jina lake linaandikwa kitabuni, atahimiza kwa maneno matamu? Atahimiza kwa askari wake wa kabila na kiboko.

Mbona wanawake? Hapa anayetoka sehemu zisizo na kahawa anisikilize vizuri. Kahawa haina subira. Tunda la mbuni haliivi lote kwa siku moja. Katika tawi moja utakuta nyekundu, njano na kijani zimeketi pamoja, na zinazotakiwa ni nyekundu tu. Huwezi kukata kama miwa wala kufyeka kama ngano. Ni vidole, moja moja, kisha urudi kwa mti ule ule baada ya wiki moja au mbili. Na zikishachumwa lazima zifikishwe mashineni zimenywe siku hiyo hiyo, la sivyo zinachacha na ladha inaharibika. Kwa hiyo mwenye shamba hahitaji watu wengi mwaka mzima, anahitaji watu wengi mno kwa miezi michache, halafu hawahitaji tena. Huku Kiambu miezi hiyo ni kuanzia Oktoba hadi Desemba, wakati wa mvua za vuli, yaani wakati ule ule mama anapotakiwa shambani mwake apande na kupalilia. Ukimtoa mama nyumbani mwezi wa Novemba, umemtolea na chakula cha watoto wake cha miezi ijayo. Sijaona kitabu cha shule kinachosema hivyo, lakini muulize mwanamke yeyote wa kwetu.

Mambo yakawa mabaya. Wasichana walichukuliwa vijijini wakaenda mashamba ya mbali, wakalala huko, mbali na wazazi, chini ya wanyapara ambao hakuna aliyewauliza kitu. Wengine walirudi wakiwa na mimba. Kwa desturi za Wakikuyu za wakati ule hilo lilikuwa balaa la familia nzima, na hapakuwa na pa kushtaki, kwa sababu aliyemtoa binti nyumbani ni chifu, na chifu ndiye angepokea mashtaka.

Maaskofu na wamisionari wengine waliandika kupinga barua ya Northey, na wanasifiwa kwa hilo. Lakini ukisoma vizuri utaona hawakukataa kabisa kazi ya kulazimishwa. Walisema kama ni lazima, basi iwe kwa kazi za serikali na sheria iseme wazi. Mtu wa kusema hapana moja kwa moja bado hakuwa amepatikana.

Kisha likaja lililovunja mgongo wa ngamia. Mwaka 1921 bei za mazao zilikuwa zimeanguka duniani, nao walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Tufanye hesabu kidogo, mwalimu wa hisabati atanisamehe. Tuseme mtu anapata shilingi 12 kwa mwezi. Ondoa theluthi, zinabaki 8. Kodi ya kibanda ni shilingi 16. Huyo atafanya kazi miezi miwili mizima bila kula wala kununua chumvi ili alipe kodi tu, na kama ana wake wawili katika vibanda viwili, miezi minne. Hasara ya soko la Ulaya ilibebwa na mtu aliyevaa kikasha cha bati.

Hapo ndipo Thuku alipoinuka. Mwezi wa Juni mwaka 1921 yeye na wenzake wa Nairobi, makarani, matarishi na wapishi, waliunda Young Kikuyu Association. Muda si muda wakaona jina hilo linawafungia nje wengine, maana kipande hakikuchagua kabila. Kwa hiyo chama kikawa East African Association, na ndani yake wakaingia Wakamba, Wajaluo, Waganda na wengine waliokuwa mjini. Mimi hili nalipenda kuliko yote. Leo tukigombea vyeo vya chama shuleni tunaulizana kwanza mtu anatoka wapi.

Alikuwa na marafiki Wahindi pia. Mmoja alikuwa M. A. Desai, mhariri wa gazeti la East African Chronicle, aliyewapa nafasi ofisini mwake na mashine ya kuchapia. Wanachama wa Chama cha Kiswahili wataona fahari kujua kwamba mwaka 1921 Thuku alitoa gazeti dogo kwa Kiswahili lililoitwa Tangazo. Alijua kwamba akiandika kwa Kikuyu atasomwa Kiambu, akiandika kwa Kiswahili atasomwa popote penye mwenye kipande.

Mwezi wa Julai mwaka huo ulifanywa mkutano mkubwa Nairobi, na malalamiko yakapelekwa kwa simu ya maandishi hadi London, kwa waziri wa makoloni. Hakupitia kwa chifu, wala kwa DC, wala kwa gavana. Aliwaruka wote. Yaliyotajwa yalikuwa kipande, kodi, mshahara uliokatwa, ardhi, elimu, na wanawake na wasichana wanaolazimishwa kwenda mashambani. Serikali ya Nairobi ilifura kwa hasira. Aliambiwa achague, kazi ya Hazina au siasa. Akaacha mshahara wake, suti na yote.

Mwezi wa Septemba mwaka 1921 waziri wa makoloni, Winston Churchill, alitoa agizo kwamba maofisa wa serikali wasijihusishe tena na kuwatafutia walowezi binafsi wafanyakazi. Sisemi ni Thuku peke yake aliyeleta agizo hilo, maana makelele yalikuwa mengi hata huko Uingereza. Lakini agizo la karatasi ni jambo moja na chifu wa kijijini ni jambo lingine, kwa hiyo Thuku hakunyamaza. Akaanza kuzunguka Kiambu na Murang'a akihutubia. Watu walikuja kwa maelfu. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 1922 alikuwa akiwaambia watu wasifanye kazi za kulazimishwa na kwamba vipande vikusanywe vikatupwe mlangoni kwa gavana. Baadhi ya machifu wakaapa mbele ya serikali kwamba mtu huyu ni hatari.

Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa akawekwa kituo cha polisi Nairobi. Wenzake wakaitisha mgomo. Madereva, wapishi na matarishi wakaacha kazi, na tarehe 15 na 16 maelfu ya watu wakakusanyika nje ya kituo wakitaka aachiliwe. Wajumbe walikwenda kuzungumza na wakubwa wa serikali, wakarudi wakiwaambia watu watawanyike. Wanaume wakaanza kuondoka. Ndipo wanawake walipokataa.

Mbona pale palikuwa na wanawake wengi? Vitabu havielezi sana, lakini sisi tumekwisha kuona sababu. Huyu aliyefungwa ndiye aliyethubutu kutaja hadharani mambo yaliyowapata binti zao kwenye kahawa. Mmoja wao alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, kutoka Weithaga, Murang'a. Inasimuliwa kwamba aliinua nguo yake mbele ya watu wote, akawaambia wanaume wachukue nguo yake wavae wao, na wampe yeye suruali zao, kwa kuwa kiongozi wao yuko ndani na wao wanaogopa. Kwa mila za Wakikuyu hilo ni tusi ambalo mwanamume hawezi kulimeza. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea mbele hadi karibu na bunduki za askari. Askari wakafyatua. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Inasimuliwa pia kwamba wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk, hapo jirani, nao walipiga risasi. Serikali ilihesabu watu 21 waliokufa, wanawake 4 kati yao. Wengine walihesabu wengi zaidi, wakataja hata 56.

Wanawake walitunga wimbo uitwao Kanyegenyuri kuhusu mambo hayo, na serikali ikaupiga marufuku. Wimbo wa akina mama! Serikali yenye mizinga iliogopa wimbo.

Thuku hakufikishwa mahakamani. Alisafirishwa hadi Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya Kenya. Sehemu hiyo ilipopewa Waitalia mwaka 1925 akahamishwa, akapitia Lamu na Witu, mwisho akawekwa Marsabit. Kwa jumla alikaa uhamishoni zaidi ya miaka minane, hadi mwishoni mwa 1930. Aliingia akiwa na miaka 27 akatoka na 35, na ujana wake umeishia huko jangwani.

Huku nyuma mambo machache yalibadilika. Mwaka ule ule wa 1922 kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Northey akaitwa arudi kwao, akaja gavana mwingine. Kipande hakikuondoka, kilining'inia shingoni mwa wazee wetu mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili, kilipobadilishwa kwa sheria ya mwaka 1947.

Ningeweza kuishia hapo, maana ndipo vitabu vingi vinapoishia, na shujaa anabaki msafi. Lakini mtu aliishi miaka 40 zaidi. Mwaka 1932 alichaguliwa kuwa rais wa Kikuyu Central Association, wakagombana na wenzake, na mwaka 1935 akaunda chama chake, Kikuyu Provincial Association, kilichoahidi kuitii serikali. Vita vya Mau Mau vilipozuka, Thuku alivipinga waziwazi. Wengi hawakumsamehe, na katika mjadala tuliofanya darasani kuhusu habari hii kuna mwenzangu aliyemwita msaliti mara tatu katika dakika mbili.

Siasa hizo nawaachia wenye midomo. Linalonishughulisha mimi ni kahawa. Kwa miaka mingi Mwafrika alikatazwa kupanda zao hilo. Mashamba ya majaribio yaliruhusiwa miaka ya 1930 huko Kisii, Meru na Embu, na sisi wa Kiambu tukachelewa hadi miaka ya 1950, eti tulikuwa karibu mno na mashamba ya wazungu na tungeiba. Thuku akawa mmoja wa wakulima Waafrika wa kahawa waliofanikiwa sana. Mwaka 1959 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika halmashauri ya Kenya Planters' Coffee Union. Mtu aliyefungwa kwa kuwatetea wachuma kahawa akaketi meza moja na wenye mashamba ya kahawa.

Je, ni vibaya? Mimi nasema kulima si dhambi, na mtu aliyenyimwa haki ya kupanda mbuni akiupata aupande. Kama Mwafrika hakutakiwa milele kuwa mchumaji tu, ni lazima wengine wawe wenye shamba. Ila swali la mwaka 1921 halikuuliza rangi ya mwenye shamba. Liliuliza nani anawajibika kwa mtu anayechuma, alale wapi, alipwe nini, na akionewa aende kwa nani. Swali hilo humfuata mwenye shamba yeyote, hata akiwa Harry Thuku.

Nalijua kwa sababu mama yangu ni mchumaji. Kila msimu huenda vibarua, nami likizo humsaidia, na karo yangu imetoka humo sehemu kubwa. Malipo ni kwa debe. Debe lenyewe halitoshi kujaa, lazima lifanye kichuguu juu, na nyapara akilitikisa likashuka, unaongeza tena. Ikionekana ya kijani anakumwagia chini uchague upya. Kibarua hana kitanda cha kampuni wala likizo, na akiumwa na nyoka huo ni msiba wake. Kuna shamba moja, silitaji jina, ambapo akina mama walichuma wiki tatu na mwishowe wakaambiwa daftari la madebe limepotea. Walikwenda mlangoni siku nne mfululizo. Daftari halikuonekana, na malipo hayakuonekana. Mama aliuza kuku wote tukamaliza muhula.

Sisemi hakuna lililofanywa. Mwaka 1963 vyama vya wafanyakazi wa mashambani viliungana kikawa kimoja, Kenya Plantation and Agricultural Workers Union, na mikataba yake na waajiri imewaletea wafanyakazi wa kudumu nyumba, matibabu na likizo. Lakini mtu wa debe, anayeitwa leo na kuachwa kesho, ni vigumu kumwingiza katika mkataba, kwa sababu ile ile niliyoitaja ya kahawa kukosa subira. Na mtu wa debe mara nyingi ni mwanamke, kama mwaka 1921. Nimetafuta katika habari za Thuku mzee, yule wa halmashauri, kitu kinachohusu wachumaji kilichofanana na zile kelele zake za ujana, ili nikiandike hapa kwa fahari. Wasomaji wataona kwamba sijakiandika.

Hata hivyo siwezi kumwita msaliti kama mwenzangu. Mwaka 1921 wasomi wote wa Kiafrika wenye kazi nzuri Nairobi walijua yanayowapata wasichana kwenye mibuni. Walikuwa na dada. Aliyetuma simu London na kuacha mshahara wake ni huyu.

Thuku alifariki Juni 1970, mwaka ambao kitabu cha maisha yake, alichokitayarisha na mwanahistoria Kenneth King, kilichapishwa. Nairobi kuna barabara yenye jina lake. Inapita kando ya hoteli ya Norfolk na Chuo Kikuu cha Nairobi, karibu na kituo cha polisi cha Central, yaani hapo hapo risasi zilipolia. Tukienda Nairobi muhula ujao kwa mashindano ya Kiswahili, nitamwomba mwalimu mlezi tupite hapo kwa miguu, tutafute kama kuna mahali palipoandikwa jina la Muthoni. Kutoka Globe ni mwendo wa dakika chache tu.